Aliyezoea Kutoa: kisa cha ndugu mmoja na jumuiya yake, Arusha 2020

Kisa hiki nakitumia ninapofundisha wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, yaani vikundi vya sala vya nyumba jirani ndani ya usharika. Kilitokea Arusha, katika usharika mmoja wa Kilutheri pembezoni mwa jiji. Wahusika wamekubali kisimuliwe na wamesomewa chote. Mtaa, usharika na kampuni sivitaji, na mambo machache ya kifamilia nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Mhusika mkuu nitamwita Baba N.

Nimekichagua kwa sababu jumuiya hii haikupungukiwa na upendo hata siku moja. Walimpenda ndugu yao, walimwombea, walimchangia, na kwa muda mrefu upendo huohuo ulizidi kumfungia ndani. Walipobadili namna ya kumwendea, akaanza kunyanyuka. Hapo katikati ndipo penye somo.

Usuli

Baba N alikuwa dereva wa watalii, na porini ndiye aliyekuwa mwongozaji wao. Kazi hiyo ina heshima yake Arusha. Mshahara wa mwezi ni mdogo. Kinacholisha nyumba ni posho ya safari na tipu za wageni, na vyote viwili huja gari likiwa barabarani. Msimu wa Juni hadi Oktoba ndio unaolipa ada, unaopandisha ukuta wa nyumba, na unaobeba miezi ya masika ambayo magari hulala. Alikuwa na mke mwenye genge la mboga, watoto watatu, wawili wao shule binafsi, na mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) aliouchukua kumalizia nyumba. Mmoja wa wadhamini wake alikuwa mzee wa kanisa, jirani yake.

Kanisani aliimba sauti ya nne kwenye kwaya, lakini watu walimfahamu zaidi kwa mnada. Katika sharika nyingi za huku kaskazini, sadaka za mazao (ndizi, mayai, maziwa, kuku, debe la mahindi) hunadiwa nje baada ya ibada na fedha huingia kwenye sadaka. Baba N alikuwa na mtindo wake. Akiutaka mkungu wa ndizi, alijipandishia bei mwenyewe hata pale ambapo hakuna aliyeshindana naye, watu wakicheka, kisha akaubeba begani na kwenda kuutua mbele ya bibi mmoja mjane aliyekaa kila Jumapili kwenye kivuli kilekile.

"Bibi, mzigo wako huu."

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa makusudi. Mtu huyu hakuwa tajiri, ila alikuwa mtoaji, na usharika mzima ulimjua hivyo. Naye pia alijijua hivyo.

Tarehe 16 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kugundulika hapahapa Arusha. Siku iliyofuata shule zikaamriwa kufungwa. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Tarehe 18 Mei anga likafunguliwa tena, lakini wageni hawakuja, kwa sababu huko kwao walikuwa wamefungiwa ndani. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walishuka hadi kama 620,000. Yadi za kampuni zikajaa Land Cruiser zilizofunikwa maturubai katika miezi ambayo kwa kawaida hazionekani mjini.

Makanisa ya Tanzania hayakufungwa. Jambo hili lina uzito katika kisa chetu. Mahali pengine mtu aliyeishiwa aliweza kubaki nyumbani bila kuulizwa. Baba N alikuwa na Jumapili ya kukabiliana nayo kila wiki.

Kilichotokea

*Machi hadi Juni.* Kampuni iliwaita madereva na kuwaambia warudi nyumbani bila malipo mpaka watakapoitwa. Aprili akiba ilitosha. Mei friji likauzwa. Marejesho ya mkopo yakaanza kuruka, na mdhamini akapigiwa simu na ofisi ya SACCOS kabla Baba N hajapata ujasiri wa kumwambia mwenyewe. Shule zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni, ada ya watoto wawili ikawa inasubiri mlangoni.

Bibi yule wa kivulini ndiye aliyeona kwanza. Aliona kwamba Baba N anatoka wakati wa wimbo wa mwisho, kabla mnada haujaanza. Jumapili ya kwanza akadhani ana haraka. Iliyofuata ikawa vilevile. Halafu akaacha kuja kabisa, na kwenye mazoezi ya kwaya hakuonekana tena. Mke wake akiulizwa alisema amekwenda shamba kwao.

*Ziara ya Julai.* Jumuiya ilikubaliana kumtembelea. Walikwenda watu kumi na mmoja, Jumapili alasiri, bila taarifa, wakiongozwa na mwinjilisti. Nia yao ilikuwa safi: walitaka aone kwamba hayuko peke yake. Waliimba tangu getini. Mama wa nyumba akamtuma mtoto dukani kukopa sukari na mkate, maana wageni kumi na mmoja hawawezi kuondoka bila chai.

Mwinjilisti akasoma Neno na kuhimiza imani. Kisha kila mmoja akapewa nafasi ya "neno la faraja". Mmoja alisema Mungu hamwachi mtu wake. Mwingine alisema yapo majaribu makubwa kuliko hili. Ndugu wa tatu, mfanyabiashara, akatoa ushuhuda: kwamba duka lake liliwahi kufilisika, akagundua hakuwa anatoa fungu la kumi, akatubu, na sasa ana maduka mawili. "Ndugu yangu, jichunguze. Huenda kuna mahali ulimwibia Mungu."

Baba N aliitikia Amina kila walipotaka Amina. Alishukuru kwa niaba ya familia, akawasindikiza hadi barabarani, na tangu siku ile geti lake likawa linafungwa kwa ndani mchana kutwa.

*Tangazo.* Wiki mbili baadaye, kwenye ibada, lilisomwa ombi maalumu: tumkumbuke ndugu yetu, kwa jina, aliyepoteza kazi na kulemewa na madeni. Deni lilikuwa limejulikana kupitia kwa mdhamini, ambaye alilitaja kwenye kikao cha wazee akiomba ushauri, si akiomba litangazwe. Mchango ukapitishwa palepale. Watu wenye shida zao wenyewe walitoa, na wengine walitoa kwa machozi. Wazee wawili wakapeleka bahasha. Mke aliipokea. Kesho yake asubuhi mtoto wa kati aliirudisha kwa katibu wa jumuiya, haijafunguliwa, na salamu fupi: "Baba amesema asanteni, wapewe wenye shida."

Baadhi ya wanajumuiya walichukia. Walisema ana kiburi. Mfanyabiashara alisema faraja haiwezi kumsaidia mtu asiyejishusha.

*Bibi.* Jumamosi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, jumuiya ilibaki kujadili. Bibi alisikiliza mpaka wengine wakamaliza. Kisha akasema kwamba tangu mambo haya yaanze hajaona mtu hata mmoja aliyekwenda kwa Baba N akiwa na haja naye. Wote wamekwenda wakiwa na kitu cha kumpa. "Na yeye amezoea kutoa. Mimi nina shida yangu, nitakwenda nayo."

Alikwenda peke yake, siku ya kazi, asubuhi. Mazungumzo ya getini nimeyapata kwa wote wawili, na yanalingana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukuombea. Nina shida."

"Shida gani, bibi?"

"Kliniki yangu ya presha ni Alhamisi, na miguu hii haiwezi tena daladala. Jirani kaniachia Noah yake, lakini dereva sina. Hela ya mafuta ninayo. Utanipeleka?"

Alimpeleka. Foleni ilikuwa ndefu, wakakaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi karibu saa saba. Bibi anasema kwa saa nzima ya kwanza waliongea habari za barabara, jinsi ya kuvuka korongo likiwa na maji, na kwa nini simba hulala mchana. Baba N aliongea kama zamani. Halafu akanyamaza, na baada ya kitambo akasema bila kumtazama: "Bibi, siku hizi nikilala naomba nisiamke."

Bibi hakumnukulia mstari. Akamwuliza, "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi umeniambia mimi. Ila mimi peke yangu sitoshi kwa jambo hili. Uniruhusu nimwambie mchungaji."

Hakujibu mpaka namba ya bibi ilipoitwa. Alipokuwa akimsaidia kusimama akasema, "Mchungaji tu. Asijue mwingine."

*Mchungaji.* Alikuja jioni ileile, akiwa na nguo za kawaida, akakaa naye nje chini ya mparachichi. Baada ya salamu na maongezi ya kawaida alimwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Baba N alisema ndiyo. Mchungaji akauliza kama alikwisha kufikiria namna. Akasema ndiyo. Kwa ridhaa yake wakamwita mke, na usiku huo dawa za shambani zikaondolewa stoo na kupelekwa kwa mchungaji. Asubuhi, muuguzi mstaafu wa usharika alimsindikiza hospitali. Daktari alimweleza kwamba ana sonona, ugonjwa wenye matibabu, akamwanzishia dawa na kumpangia tarehe za kurudi. Sala ilifanyika pia, fupi, watu watatu, kabla ya kuondoka nyumbani.

*Agosti na kuendelea.* Yaliyofuata yalikwenda taratibu. Mdhamini alimfuata Baba N, akamwomba radhi kwa siri iliyovuja, na wakaenda pamoja SACCOS. Ofisi ilikubali kupanga upya marejesho: alipe kidogo kila mwezi mpaka msimu urudi. Watoto wawili wakahamishiwa shule ya serikali, ambako tangu Januari 2016 ada ilikuwa imefutwa hadi kidato cha nne. Uamuzi huu ulimuuma kuliko mengine yote, alikuwa amewaahidi. Aliuchukua mwenyewe pamoja na mke wake, na mchungaji alikataa kuwaamulia ingawa walimwomba.

Kwa kuwa anajua kuendesha na ana leseni safi, jirani mwenye kirikuu, gari dogo la mizigo, alimkabidhi gari hilo kwa siku za soko. Akawa anachukua mboga na ndizi Tengeru Jumamosi alfajiri, anashusha za genge la mke wake, nyingine anapeleka Kilombero kwa wachuuzi. Fedha ilikuwa kidogo. Lakini alikuwa anaamka saa tisa usiku kwa sababu kuna watu wanamsubiri.

Mwalimu wa kwaya alimpigia simu mara moja tu: "Sauti ya nne wamebaki wawili, wimbo hausimami. Alhamisi saa kumi na moja." Kwaya ilikuwa imepanga kushona sare mpya mwezi huo, mwalimu aliahirisha sare hadi mwaka unaofuata na hakueleza sababu kwa mtu yeyote. Baba N alirudi mazoezini kabla ya kurudi ibadani. Septemba katibu alimwomba awe mnadi wa mnada, maana aliyekuwepo alikuwa amehama. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili aliuliza maswali mawili matatu, akakubali. Mtu aliyezoea kuwasimulia wageni habari za Ngorongoro siku nzima hakushindwa kunadi trei ya mayai.

Matokeo

Mwaka ulipokwisha alikuwa anaimba, ananadi, anakunywa dawa na kuhudhuria kliniki. Kazi ya watalii ilimrudia kidogokidogo mwaka 2021, kwanza kwa safari za vibarua, baadaye kwa ajira. Mkopo ulikwisha, kwa kuchelewa. Mtoto mmoja alirudi shule binafsi. Mwingine alisema anawapenda marafiki zake wapya, akabaki.

Si kila kitu kilipona. Baba N na yule mfanyabiashara husalimiana, basi. Hakuna aliyekwenda kuwapatanisha, na naona huo ni upungufu, kwa sababu mfanyabiashara naye hakuwa mtu mbaya; alisema alichofundishwa. Na mke wa Baba N ananiambia kwamba katika miezi yote ile wanawake wenzake walimwambia neno moja: "Mtie moyo mumeo." Hakuna aliyeuliza yeye anatiwa moyo na nani. Alikuwa anaamka kwenda gengeni, anadanganya kanisani kumlinda mume, anakopa sukari ya kuwapa chai wafariji.

Uchambuzi

Nianze na ziara ya watu kumi na mmoja, kwa sababu ndivyo karibu jumuiya zote tunavyofanya. Kundi kubwa lina mahali pake: msibani linafaa sana, maana msiba ni wa wote na kazi za kufanya ni nyingi. Kwa mtu anayeona aibu, kila jicho linaloongezeka ni shahidi mwingine wa kuanguka kwake. Tena kundi halisikilizi, limekuja kusema. Mithali 25:20 inamlinganisha anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni na mtu anayevua nguo wakati wa baridi, na tena na siki juu ya magadi. Nyimbo za getini Julai ile, katika baridi ya Arusha, zilikuwa hivyo hasa. Na rafiki zake Ayubu, tunaowasema vibaya kila siku, walifanya jambo moja jema kuliko sisi: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Walianza kukosea walipoanza kumweleza sababu.

Ushuhuda wa fungu la kumi unataka maneno makali zaidi. Ushuhuda ni mali ya anayeutoa. Mungu alipomfundisha mfanyabiashara jambo fulani kupitia kufilisika kwake, somo lile lilikuwa lake. Ukilichukua na kumvisha mtu mwingine kama kipimo, umemhukumu kwa kesi isiyo yake. Baba N hakufilisika kwa kuacha kutoa. Mashirika ya ndege ya dunia nzima yalisimama. Lakini mtu aliyevunjika moyo hana nguvu ya kubishana. Aliniambia kwamba usiku ule alihesabu mnada mmoja baada ya mwingine akitafuta ni lini alimwibia Mungu. Anayefundisha viongozi wa jumuiya asiogope kusema hili waziwazi: ushuhuda wa aina hiyo hausemwi nyumbani kwa mtu aliye shimoni.

Kuhusu tangazo, kosa halikuwa kuomba. Kosa lilikuwa kutaja jina na deni bila ridhaa. Jambo lililosemwa kwenye kikao cha wazee lilisafiri hadi kipaza sauti kwa sababu hakuna aliyesimama kuuliza, "Mwenyewe amekubali?" Swali hilo lingechukua dakika moja. Kurudishwa kwa bahasha watu walikuita kiburi. Mimi naona ni mtu aliyekuwa anashika kitu cha mwisho alichobaki nacho. Yakobo 2:15-16 inatukataza kumwambia mwenye njaa "nenda kwa amani" bila kumpa mahitaji ya mwili, na jumuiya hii iliitii. Ila namna ya kupeleka nayo ni sehemu ya kitu kinachopelekwa. Fedha zilezile zingeweza kupitia gengeni kwa mkewe, kama manunuzi ya mboga ya kila siku kutoka nyumba ishirini, na hakuna ambaye angeona aibu.

Sasa bibi. Wengi ninaowasomea kisa hiki hukimbilia kusema bibi alitumia akili, alibuni safari ili amtoe nje. Hapana. Presha ilikuwa ya kweli, kliniki ilikuwa ya kweli, na asingempata dereva asingekwenda. Hili ndilo jambo ninalolishikilia kuliko yote katika kisa hiki. Shida ya kubuni ingejulikana, na ingemuumiza zaidi: hata haja ya kumsaidia wamemwigizia. Bibi alimpa kitu ambacho wengine hawakuwa nacho cha kutoa, kwa sababu yeye peke yake alikubali kuwa na upungufu mbele yake. Wengine walikwenda wakiwa wamejaa.

Lakini tusilifanye jambo hili kuwa dawa ya kila kitu. Kumpa kazi mtu aliyechoka mapema mno ni kumwongezea mzigo. Kuna utaratibu, na ninaupata wazi katika 1 Wafalme 19. Eliya amekimbilia jangwani, amelala chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa na kumwambia ainuke ale. Pana mkate na gudulia la maji. Analala tena. Anaguswa tena, anakula tena. Baada ya hapo safari ndefu mpaka Horebu, na huko anaulizwa anafanya nini pale, mara mbili, na mara zote mbili anaachwa aseme malalamiko yake yote, yaleyale, bila kukatizwa. Mwisho ndipo anapewa kazi: amtie mafuta Hazaeli, amtie mafuta Yehu, amtie mafuta Elisha. Chakula, usingizi, kusikilizwa, kisha kazi. Na mwishoni anaambiwa pia kwamba hayuko peke yake, wako elfu saba. Sisi Julai tulianza na hilo la mwisho.

Katika kisa cha Baba N utaratibu haukufuatwa kwa mpango, lakini ukiangalia vizuri ulitokea. Safari ya kliniki ilikuwa haja ndogo, ya asubuhi moja, mtu anayoiweza hata akiwa mnyonge. Benchi likawa mahali pa kusikilizwa. Dawa zilimrudishia usingizi. Marejesho yaliyopangwa upya yakampa nafasi ya kupumua. Kirikuu, kwaya na mnada vilikuja baadaye, na kwenye mnada alikubaliwa kukataa mara ya kwanza. Angelazimishwa Agosti, nadhani tungempoteza.

Sentensi ya bibi, "mimi peke yangu sitoshi", ningetamani kila mzee wa kanisa aijue. Wapo wapendwa wengi wanaoambiwa jambo zito wakalibeba peke yao kwa sala na kufunga, wakiogopa kwamba kumpeleka mtu hospitali ni kukosa imani, au wakiogopa kwamba ukimwuliza mtu habari ya kujiua utampandikizia wazo. Kuuliza hakupandikizi. Mtu aliyekwisha kuwa na wazo hilo mara nyingi hupata nafuu kwa kuulizwa na mtu asiyeshtuka. Woga mwingine ni wa sheria: katika Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa, na hilo huwafanya wengi wafiche hata mawazo tu. Mchungaji aliuliza, akauliza na swali la pili, akaondoa kilichokuwa karibu, akamfikisha kwa daktari. Sala yake fupi ya asubuhi haikupungua nguvu kwa kufuatwa na safari ya hospitali.

Simu ya mwalimu wa kwaya inastahili kutazamwa kwa karibu. Haikuwa na neno hata moja la kiroho. Hakusema "tumekukosa", ambalo humfanya mtu aanze kujieleza. Alisema kuna pengo na saa ya kufika. Na lile la sare, alilolifanya kimya, ndilo lililoufungua mlango, kwa sababu Baba N angerudi na kukuta mchango wa sare unamsubiri, asingerudi mara ya pili. Kumtia mtu moyo mara nyingi ni kuangalia mbele yake na kuondoa kitu ambacho kingemkwaza, bila yeye kujua.

Ambaye hakuonekana

Ninapomaliza kufundisha kisa hiki huwa kuna furaha darasani, na ndipo ninaposimulia habari ya mwingine.

Katika jumuiya hiyohiyo alikuwapo kijana mpangaji, mpishi wa kambi za watalii wanaopanda mlima. Naye aliachwa bila kazi Machi ileile. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, chumba kimoja. Alihudhuria sala za Jumamosi mara chache, akikaa karibu na mlango. Hakuwa kwenye kwaya. Kwenye mnada hakuwahi kununua kitu. Mei alishindwa kodi, akauza jiko na godoro, akarudi kwao mkoa mwingine. Jumuiya iligundua mwezi Agosti, mwenye nyumba alipotaja kwa bahati tu kwamba chumba kiko wazi.

Hakuna aliyemhukumu, hakuna aliyetangaza jina lake, hakuna aliyemchosha kwa nyimbo. Alikosa mabaya yetu na mema yetu pia. Baba N alitafutwa kwa sababu pengo lake lilionekana: sauti ilipungua, mkungu wa ndizi haukufika kivulini. Kijana hakuwa ameachiwa pengo la kuonekana tangu mwanzo. Hakuna aliyekuwa amemwomba lolote. Watu walipoambiwa habari zake, walinyamaza, na bibi ndiye aliyeuliza kama kuna mwenye namba yake ya simu. Hakuna aliyekuwa nayo. Ilipatikana kwa mwenye nyumba.

Baba N ndiye aliyempigia. Waliongea kazi, nani ameitwa na nani bado. Kampuni zilipoanza kuhitaji wapishi mwaka 2021 alimtafutia nafasi, na kijana akarudi Arusha, ingawa alipanga mtaa mwingine na anasali usharika mwingine.

Tangu hapo jumuiya ina utaratibu mpya. Jumamosi ya kwanza ya mwezi katibu anasoma majina ya nyumba zote, wapangaji wakiwemo. Nyumba ambayo haijaonekana wiki mbili inapewa mtu mmoja, si kundi, na mtu huyo anakwenda siku ya kazi, hasomi Neno safari ya kwanza, na haleti taarifa kwenye kikao bila ruhusa ya mwenye nyumba. Na kila nyumba mpya, ndani ya mwezi wa kwanza, inaombwa jambo moja dogo la kufanya: kufungua sala, kuleta maji ya kunywa, kushika daftari la mahudhurio.

Orodha ya nyumba inaandikwa na mke wa Baba N. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe.